Dakika Kumi na Nane za Kabula

Wadogo zangu, nimesikia mmepewa kazi yangu. Mko watatu, mnagawana kazi niliyokuwa nikiifanya peke yangu kwa kalamu mbili, na nimeambiwa mmeshapata fulana zilizoandikwa "Ratiba" mgongoni. Mimi sikupewa fulana. Kwa miaka sita nilipewa kipaza sauti chenye kikohozi na kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa tofali.

Hakuna aliyeniomba niwaandikie. Tangu nilipoondoka hakuna aliyeniomba ushauri wowote, na hilo limenipa muda wa kutosha wa kuupanga. Msinicheke nikisema nimestaafu. Najua nina miaka thelathini na mbili. Mama yangu naye hucheka, huwaambia majirani, "Mstaafu wangu bado amelala." Lakini mtu aliyepanga mechi za badminton kwenye mashindano ya kimataifa hapa Tabora, mbele ya mashabiki wa mji huu, miaka sita mfululizo, amezeeka kuliko cheti chake cha kuzaliwa kinavyosema.

Nianze na mashabiki, kwa sababu ninyi mtaanza na kompyuta, na hapo ndipo mtakapokosea.

Shabiki wetu wa badminton ni mtu aliyeujua mchezo juzi na tayari ana malalamiko ya tangu zamani. Mara ya kwanza aliingia ukumbini kukimbia jua. Akawakuta watu wazima wanapigana na kinyoya, akacheka. Siku ya pili akauliza kanuni. Siku ya tatu anamfundisha mwamuzi. Mkubwa wao ni Saidi, fundi redio wa karibu na soko, ambaye hujiita Mchambuzi. Saidi hajawahi kushika raketi, lakini hajawahi pia kukosa la kusema. Ratiba niliyoibandika mlangoni alfajiri yeye huibandua, akaenda nayo kwenye kahawa, kisha akalalamika kwamba ratiba haikubandikwa.

Siku moja nilipita pale kwenye kahawa kuifuata karatasi yangu. Nikasimama nyuma yao, hawakuniona.

"Tazameni hapa," Saidi alikuwa anasema, kidole juu ya karatasi. "Kiwanja namba tatu, saa kumi. Mnaelewa maana yake?"

"Maana yake nini?" akauliza mmoja.

"Maana yake ipo."

"Ipo wapi?"

"Wewe kunywa kahawa."

Wote wakatikisa vichwa kwa huzuni, kama watu waliokwisha kuelewa. Ndivyo mechi zinavyochambuliwa katika mji huu. Watu walikuwa wakipanga safari hapa tangu enzi za misafara ya wapagazi, nani atangulie, nani alale, mzigo upi ungoje, na wajukuu wao hawawezi kupanga foleni ya kahawa. Lakini wewe uliyekesha ukipanga mechi za nchi tano ni mwizi.

Msiwajibu. Mimi nilijaribu kuwajibu. Nilijiunga na kundi lao la simu nikaandika maelezo marefu, yenye vipengele kumi na moja, kueleza kwa nini Burundi wamecheza mara mbili kabla ya chakula. Jibu la kwanza lilikuwa picha ya mbuzi anayecheka. Nililitafakari lile jibu wiki nzima. Niliwaza kama mbuzi ni mimi au ni Burundi.

Sasa niwaambie nilivyoanza, ili mjue sikuzaliwa nikiijua kazi.

Nilirudi Tabora na shahada ya takwimu na bila ajira. Kamati ya mashindano ilitafuta mtu wa kupanga ratiba, wakaona shahada, wakafurahi. Mimi nikafurahi zaidi. Nilikaa na kompyuta nikatengeneza ratiba ya mechi sitini na mbili kwenye viwanja vitatu. Kila mechi niliipa dakika thelathini na tano, na kila nchi niliipa rangi yake. Ilikuwa ratiba nzuri sana. Ningeweza kuoa kwa ile ratiba.

Iliishi hadi saa nne asubuhi. Kwenye kiwanja namba mbili wanaume wawili wa Zambia walikutana na wawili wa Burundi, na hao wanne walikataa kabisa kumaliza. Seti ya kwanza ilifika ishirini na nane kwa ishirini na sita. Mechi ilichukua saa nzima na robo. Nikasogeza iliyofuata, ikaigonga ya kiwanja namba tatu, kwa kuwa mchezaji ni yule yule. Nikaisogeza hiyo, ikaigonga nyingine. Nikaanza kufuta na kuandika, kufuta na kuandika, hadi karatasi ikatoboka.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka safu ya pili, amebeba chupa ya chai. Huyo ndiye Mama Nyamizi. Mstaafu wa kweli yule, si kama mimi: alifanya kazi ya kupokea na kuruhusu treni kwenye stesheni ya Kigwa mpaka nywele zikawa nyeupe. Badminton alikuwa anaipenda kwa sababu, alisema, ni mchezo pekee ambao wachezaji hawajiangushi.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika hapa saa nne na dakika arobaini na tano?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa sita kasoro."

"Na hao wako wa saa nne na dakika arobaini na tano wako wapi?"

Nikatazama. Mmoja alikuwa anakula wali. Mwingine alikuwa amelala juu ya mabegi. Wawili walikuwa wametoka kwenda kuuona mji.

"Mwanangu, umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu, mama."

"Pole." Akamimina chai. "Reli yetu ilikuwa moja. Ya kwenda Kigoma na ya kutoka Kigoma zote zinapita hapo hapo. Treni haiulizi saa yako, inauliza njia iko wazi au haiko wazi. Mimi niliandika ipi inatangulia na ipi inangoja. Saa niliiandika baadaye, treni ikishapita. Wewe unaandika saa ya treni ambayo haijazaliwa."

Akainyakua kalamu yangu. Kwa kila kiwanja akaandika namba moja, mbili, tatu, nne, na pembeni ya mechi chache tu akaandika "si kabla ya saa saba", "si kabla ya saa tisa". Basi. Kila mchezaji akajua anamfuata nani, na akajua saa ambayo hawezi kuitwa kabla yake. Hakuna rangi. Kazi ilimchukua muda wa kikombe kimoja cha chai, na ile ratiba ikaenda hadi jioni bila kugongana mahali popote.

Nilikaa nikiwaza kama nirudishe shahada.

Kwa hiyo somo la kwanza mmelipata bure: pangeni zamu, msipange dakika. Mashabiki watakasirika kwa sababu shabiki anataka kuambiwa saa kamili ili achelewe kwa uhakika. Waacheni wakasirike.

Somo la pili ni kinyoya chenyewe, na hili nawaambia kwa sababu nawajua, mtafikiri si kazi ya mtu wa ratiba. Tabora iko juu. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kinyoya kinakimbia. Kwenye kopo kuna namba ya kasi, chagueni ndogo. Mwaka mmoja kamati ilileta makopo yaliyonunuliwa Dar es Salaam na mtu aliyefikiri kinyoya ni kinyoya. Kila aliyepiga, kilitoka nje. Kocha wa Kenya alinijia akaniuliza kwa adabu kabisa kama huu ni mchezo au tunawinda kwale. Mechi za dakika arobaini zikaisha kwa dakika kumi na tano, viwanja vikabaki vitupu, na Saidi akatangaza kwamba nimezificha mechi nyingine.

Tena kiangazi chetu hukausha manyoya, yanavunjika kama biskuti. Asubuhi washeni birika. Fungueni kopo pande zote mbili, lipitisheni juu ya mvuke mkihesabu hadi kumi, kisha lifunikeni litulie. Hadi kumi. Mimi mwaka wa pili nilijiambia kama kumi ni nzuri, arobaini ni nzuri zaidi. Vikawa vizito kama vitumbua. Msichana mmoja wa Uganda alikipiga kimoja, akakitazama kikianguka, akasema kwa Kiswahili chake kizuri, "Huyu amekufa."

Na mlango wa mashariki ufungwe. Upepo ukiingia pale unakibeba kinyoya hadi kiwanja cha jirani. Saidi ataufungua kwa sababu anaona joto. Fungeni. Ataufungua. Wekeni benchi. Ataikalia hiyo benchi na kuufungua kwa mguu. Nimepoteza nusu ya ujana wangu kwenye ule mlango.

La mwisho ni kiwanja namba tatu. Kiko chini ya madirisha ya magharibi, na kuanzia saa tisa na nusu jua linaingia likimwelekea machoni anayecheza upande wa jukwaa. Anayetazama juu kutafuta kinyoya anaona moto. Baada ya saa tisa na nusu msimweke mtu yeyote pale ambaye mechi yake ina maana kwake. Nilikijua hicho kiwanja kama kiganja changu, na bado nilimweka mtu. Hapo ndipo nataka mnisikilize, maana haya mengine mngeyagundua wenyewe.

Kabula ni binti wa wafugaji wa Choma, kule Igunga. Alifundishwa kupiga kinyoya shuleni, bwenini, na mwalimu aliyekuwa na raketi mbili kwa darasa zima, na kwa kuwa raketi haikumfikia mara nyingi, alijifunza miguu kwanza. Hakuna aliyekuwa na miguu kama yake katika nchi zote tano. Alikuwa anacheza mmoja mmoja, na pia wawili wawili mchanganyiko, na mvulana wa Nzega.

Bingwa wa wanawake mmoja mmoja hupewa nafasi ya mwaka mzima kwenye kambi ya mazoezi nje ya nchi, na kambi hiyo huchukua walio chini ya miaka ishirini na mbili tu. Mwaka juzi Kabula alikuwa na ishirini. Baba yake alikuwa amekwisha kumwambia mchezo una mwisho. Hayo yote niliyajua.

Tatizo ni kwamba mama yangu mzazi ni mtu wa Choma pia. Kabula si ndugu yangu kwa lolote. Choma ni kubwa. Lakini Saidi alilipata hilo wiki moja kabla ya mashindano, akaliweka kwenye kundi la simu: "Mama wa mtu wa ratiba katoka Choma. Mimi sisemi kitu. Nasema tu katoka Choma." Asubuhi nilikuwa binamu yake Kabula. Mchana nikawa mjomba wake. Hadi alasiri nilikuwa nimemtolea mahari.

Mtu mwenye akili angecheka akalala. Mimi nikachukua ratiba nikaanza kuipekua kwa macho ya Saidi. Kila mahali palipokuwa pazuri kwa Kabula nikaona midomo ya watu. Akianza saa nne, watasema nimemwacha alale. Akicheza kiwanja namba moja, mbele ya jukwaa, watasema namtangaza. Basi nikamtoa kila mahali pazuri nikamweka kila mahali pabaya. Mechi yake ya kwanza ikawa ya kwanza asubuhi, ukumbi bado baridi. Siku ya mwisho nikampa nusu fainali ya mchanganyiko, na mara tu baada yake fainali yake ya mmoja mmoja, kiwanja namba tatu, alasiri. Kwenye karatasi kati ya mechi na mechi palikuwa na dakika thelathini kamili, kama kanuni yetu inavyotaka. Dakika thelathini za karatasi! Mimi, mwanafunzi wa Mama Nyamizi, niliandika saa ya treni ambayo haijazaliwa, kwa sababu tu nilitaka kuonekana msafi. Na nilijiona msafi kweli. Nilijiangalia kwenye kioo nikajiambia, haki ndiyo hii.

Nusu fainali ya mchanganyiko ikaenda seti tatu. Iliisha saa tisa na dakika ishirini. Fainali ilikuwa imeandikwa saa tisa na nusu. Kabula alikuwa amekaa chini, kitambaa kichwani, maji mkononi hayanywi. Mpinzani wake, msichana wa Zambia mwenye heshima zake, alikuwa amepumzika tangu saa tano.

Nikakishika kipaza sauti. Kanuni niliijua, kijitabu cha kanuni nilikichapa mimi. Lakini nikawaza: nikimpa dakika ishirini zaidi, je, si ndiyo watasema? Nikawaza: kanuni inasema mchezaji ana haki ya kupumzika, na haki huombwa, naye hajaomba. Nikawaza: labda anataka kucheza akiwa na joto. Mtu anayewaza sana hakosi kamwe njia ya kufika anakotaka mwoga aliye ndani yake.

"Ita mechi!" Saidi akapiga kelele kutoka mlangoni. "Tunalala hapa?"

"Ita mechi! Ita mechi!" ukumbi ukaitikia.

Nikaita.

Seti ya kwanza Kabula alishinda, ishirini na moja kwa kumi na tano. Ya pili akahamia upande wa jua. Nilimwona akiinua mkono kukinga macho, kinyoya kikianguka mita moja nyuma yake. Seti ya tatu msuli wa mguu ukamkamata akiwa na kumi na sita. Alicheza akichechemea, akafika kumi na nane, akaishia hapo.

Kisha Saidi akanijia mezani, uso umemwiva kwa hasira.

"Umemuua mtoto wa watu," akasema.

"Wewe ndiye uliyepiga kelele niite mechi!"

"Mimi shabiki. Kazi yangu kelele. Kazi yako ilikuwa ratiba."

Nimemdharau Saidi kwa mambo mengi na nitaendelea kumdharau, lakini hilo alilisema sawa, na linaniuma hadi leo.

Kabula nilimkuta anafunga begi. Nikaanza kujieleza: kundi la simu, mama yangu, Choma, haki, karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kaka, mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukusema umechoka?"

"Kwetu mtoto hasemi amechoka mbele ya wakubwa mpaka aulizwe. Si mama yako ni wa Choma? Hajakufundisha?"

Alikuwa amenifundisha. Kila jioni ya utoto wangu mama alikuwa akiniuliza, "Umechoka?" na mimi ndipo nilipokuwa nikisema. Niliyajua yote. Nilikuwa tu na shughuli nyingi za kuwaogopa watu wa kahawa.

Mwaka jana Kabula alirudi. Alikuwa na ishirini na moja, mara ya mwisho. Baba yake alikuwa amempa ruhusa ya mashindano hayo tu. Na mimi nilipanga zamu zangu vizuri: mchanganyiko asubuhi mapema, fainali ya mmoja mmoja mchana, kiwanja namba moja, si kabla ya saa saba. Wakasema ni mke wangu. Nikawaacha waseme.

Lakini kamati nayo ina mashabiki wake. Mwenyekiti alikuja siku ya mwisho asubuhi na habari kwamba mgeni rasmi anataka kuuona mchanganyiko, basi mchanganyiko usubiri mgeni. Mgeni alitarajiwa saa nne. Alifika saa saba. Akahutubia juu ya umuhimu wa kuzingatia muda. Tukapiga makofi. Mchanganyiko ukaanza saa saba na nusu, ukaenda seti tatu kama kawaida ya mchanganyiko, na Kabula akatoka uwanjani saa nane na nusu, jasho linamchuruzika hadi viatuni.

Saa nane na dakika arobaini na mbili Mwenyekiti alikuwa mezani kwangu.

"Ita fainali ya wanawake. Mgeni anaondoka saa tisa, anataka kukabidhi kombe."

"Mwenyekiti, fainali haiishi kwa dakika kumi na nane."

"Basi aone inaanza. Ita."

Nikakiweka kipaza sauti mezani, nikaenda nyuma ya jukwaa. Kabula alikuwa amelala chali juu ya mkeka, miguu juu ya kreti ya soda. Kando yake palikuwa na kipande cha kiazi kilichotafunwa nusu.

"Kabula, umechoka?"

Akafungua macho. Akamtazama kocha wake, akalitazama pazia ambalo nyuma yake wakubwa walikuwa wanakohoa.

"Kaka, wakubwa wanasubiri."

"Sikuuliza habari za wakubwa."

"Nimechoka," akasema. Akalisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Unataka dakika ngapi?"

"Zangu zimebaki ngapi?"

"Kumi na nane."

"Nipe zote."

Nikarudi mezani nikatangaza: fainali ya wanawake, kiwanja namba moja, si kabla ya saa tisa kamili. Kipaza sauti kilikohoa, lakini walisikia. Filimbi zikaanza.

"Tumelipa nauli kuja kuangalia mtu akipumzika?" Saidi akauliza.

"Mpigie makofi basi," mwingine akamjibu, "anapumzika vizuri!"

Mama Nyamizi akageuka kutoka safu ya pili. "Pigeni kelele," akawaambia. "Kelele haijawahi kufungua njia."

Msichana wa Zambia, yule yule wa mwaka juzi, akamtazama kocha wake. Kocha akasema kanuni ni kanuni, kaa. Akakaa, akavua viatu, akaanza kusuka nywele upya. Katika ukumbi mzima watu wawili tu ndio walioonyesha kwamba wanaujua mchezo, na wote wawili walikuwa wageni.

Mwenyekiti aliinama sikioni mwangu. "Kijana, unajua yule pale ni nani?"

"Namjua."

"Ana ratiba yake."

"Na mimi ninayo."

Sijui jibu hilo lilitoka wapi. Kwa kawaida jibu la namna hiyo hunijia baada ya siku mbili, nikiwa naoga.

Mgeni rasmi aliondoka kabla ya saa tisa, na magari yake, na watu wa jukwaani wote wakamfuata kumsindikiza, hivyo tukapata viti vitupu vya kutosha. Saa tisa kamili Kabula alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa amelala usingizi kabisa, alama ya mkeka ilikuwa shavuni. Alipoteza seti ya kwanza. Ya pili alishinda. Ya tatu ilikwenda ishirini kwa kumi na tisa, na yule wa Zambia akapiga kinyoya kirefu kwenye kona ya nyuma, pigo ambalo mwaka juzi lingekuwa la mwisho. Kabula alikifikia. Alikifikia kwa miguu ile niliyowaambia, akakiangusha kidogo tu, karibu kabisa na wavu, na mwenzake akabaki amesimama anakitazama.

Ishirini na moja kwa kumi na tisa. Kombe lilikabidhiwa na mwamuzi kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Sasa hivi yuko kambini. Saidi hadi leo anasimulia kwenye kahawa jinsi alivyonilazimisha nimpe yule mtoto mapumziko.

Siku ya Jumatatu Mwenyekiti akaniita ofisini. Akanipa karatasi nyeupe, akaniambia niandike barua ya kujieleza kwa nini nimemkosesha mgeni rasmi kukabidhi kombe, na kama sina maelezo ya kutosha, niifikirie nafasi yangu. Akaniambia nichukue siku tatu, maana ananijua kwa maelezo marefu.

Nikaomba kalamu nikaandika pale pale, nimesimama. Mchezaji aliulizwa kama amechoka, akasema ndiyo, akapewa muda wake wa kanuni. Nikatia sahihi.

Mwenyekiti aliisoma. Kisha akaigeuza ile karatasi, akatazama kama inaendelea nyuma.